Titi Langu Halikutaja Jina la Mutu

Wamama wa Kasongo, na ninyi muliotoka vijijini, Bwana awape amani kama alivyonipa pumzi ya kusimama hapa. Muchungaji ameniomba nieleze namna Mungu alivyoniponyesha mimi na mutoto wangu. Nitaeleza. Lakini nawaonya mapema: ningali na hasira. Kama kuna aliyekuja kusikia ushuhuda mutamu wa mama aliyesamehe wote, angojee yule atakayesimama nyuma yangu. Sitataja jina la mutu. Anayejijua atajijua, na roho imuume.

Mimi ni mutoto wa hapa Kasongo, niliolewa Wamaza. Bwana wangu anachimba dhahabu kule Salamabila. Alikuja nilipojifungua, akabeba mutoto, akacheka naye, akarudi kwenye mashimo yake. Nikabaki na mama mukwe, na katika kiwanja kilekile alikuwa anaishi shangazi ya bwana wangu. Huyo shangazi mumuweke akilini. Katika ukoo ule, mama anayenyonyesha akiugua haitwi muganga wa hospitali. Anaitwa yeye.

Yalianza wakati wa kung'oa karanga. Munajua kazi ile: unainama tangu asubuhi, kikwembe umekikaza juu ya kifua kisidondoke kila saa. Mutoto nilimuacha nyumbani na mama mukwe. Nilikawia shambani kuliko desturi, maziwa yakajaa mpaka yakaniuma, nami nikazidi kukaza kikwembe ili nguo isilowe. Naona wamama munatingisha vichwa. Kesho yake titi la kushoto liliamka na kivimbe upande wa kwapa, kigumu kama kokwa la embe, ngozi juu yake inawaka. Mutoto alikuwa anavuta, anaachia, analia.

Nikaenda kumuonyesha shangazi, mimi mwenyewe, kwa miguu yangu. Hilo ndilo linaniuma mpaka leo. Alilifinya titi, akaniangalia usoni, akauliza bwana wangu ameondoka lini. Nikamujibu. Akatoka inje, akaita wakubwa wa kiwanja, akasema mbele yao kwamba titi la mama halifungi bure. Likifunga na bwana iko mbali, basi mama ameenda na mwanaume mwingine, na maziwa yameoza ndani. Mutoto akiyanyonya atakufa. Dawa ni moja tu: nitaje jina la huyo mwanaume, alipe mbuzi, na titi litafunguka lenyewe.

"Taja jina," akaniambia. "Ukitaja, tunakurudishia mutoto wako."

Maana walimuchukua. Ndugu zangu, nawaambia, shangazi alimutoa mutoto kifuani pangu akamupeleka nyumbani kwake, akawa anamunywesha maji na uji wa muhogo. Mutoto ambaye hajajua hata kukaa. Nilikuwa namusikia analia ng'ambo ya ua. Maziwa yakisikia sauti ile yanashuka, yanafika pale palipofungwa, yanagonga. Hata titi la kulia likaanza kuwa gumu. Homa ikanipanda, nikatetemeka na jua liko juu ya kichwa.

Wakatuma neno Salamabila kwa mwenye pikipiki. Jibu la bwana wangu likarudi: nitaje, au niende kwetu na mutoto abaki.

Hapo nawaambia ukweli, nilianza kutafuta jina. Munacheka? Chekeni. Niliwapitia wanaume wote wa Wamaza kichwani, kama mutu anayechagua viazi sokoni. Huyu ana muke mukali. Yule ni ndugu ya katekista. Nikafikiri kumutaja mutu aliyekwisha kufa, kwa sababu hawezi kukana, kisha nikakumbuka kwamba wangeenda kudai mbuzi kwa watoto wake. Nikafika kwa muzee mumoja anayeuza chumvi, hata kutembea anatembea kwa shida. Sikuona tena ubaya wa jambo lile. Nilitaka mutoto wangu tu. Nikaamua nitamutaja muuza chumvi, asubuhi ileile.

Asubuhi hiyo nilikuwa nimekaa karibu na kinu, mama mukwe anatwanga sombe, majani ya muhogo. Tangu mambo yaanze hakuwa amenisema vibaya wala vizuri, na mimi nilikuwa nimemuweka upande wa adui zangu. Akasimamisha muchi, akaangalia kama kuna mutu, akasema polepole:

"Usitaje, mwanangu. Mimi nilitaja."

Nikafikiri ni homa inaongea. Akaendelea. Alipokuwa ananyonyesha bwana wangu, titi lake lilifunga hivihivi, na bwana yake alikuwa safarini. Aliyemuhukumu ni shangazi huyuhuyu, wakati ule angali kijana na nguvu zake. Walimunyang'anya mutoto. Akavumilia, akashindwa, akataja jina la jirani ambaye hakuwahi hata kumugusa mukono. Yule jirani akalipa mbuzi, kisha aibu ikamuhamisha na jamaa yake yote.

Nikamuuliza, "Na titi lilifunguka?"

"Lilifunguka. Walinirudishia mutoto, akanyonya, likafunguka."

Tukaangaliana. Nikaona kwamba hata yeye ilikuwa mara yake ya kwanza kujisikia akiyapanga maneno yale hivyo. Si jina lililofungua titi. Ni kinywa cha mutoto. Miaka yote hiyo wananyang'anya mutoto, titi linazidi kufunga, mama anachoka anataja, mutoto anarudishwa, titi linafunguka, na shangazi anakula muguu wa mbuzi. Watu wangapi wamevunjiwa nyumba kwa ajili ya ule muguu, mimi sijui.

Mama mukwe aliiacha sombe ndani ya kinu. Akavuka ua, akaingia kwa shangazi bila kupiga hodi, akatoka na mutoto. Shangazi nilimuona amesimama mulangoni. Mama akaniwekea mutoto mikononi, akaniambia niende kwa mama yangu mudogo Kasongo, wale wa nyumbani atawajibu yeye.

Nikatoka kwa miguu. Pikipiki zilipita, sikusimamisha hata moja, kwa kuwa wangesema mwenye pikipiki ndiye yule mwanaume. Nilipofika mahali ambapo hawanijui ndipo nikapanda. Njiani nilimunyonyesha mutoto titi la kulia tu. La kushoto niliogopa. Lile neno la kuoza lilikuwa lingali ndani yangu, hata baada ya yote niliyosikia.

Mama mudogo alinipeleka kwenye sentre ya afya mara moja. Mama enfirmie, muuguzi wa pale, alinipima homa, akanipa dawa, akaligusa titi kwa mukono mwepesi. Akasema hakuna kilichooza. Maziwa yamekwama katika njia yake, na waliomutenga mutoto ndio wameyakwamisha zaidi. Akatuonyesha: kitambaa cha maji ya vuguvugu, kupapasa polepole kuelekea chuchu bila kukamua kwa nguvu, kisha mutoto aanze upande uleule unaouma, kidevu chake kikielekea penye kivimbe. Na kikwembe kilegee.

Nikamuweka mutoto, nikauma meno. Alivuta kama mutu anayedai haki yake. Kwanza maumivu tu, kisha nikasikia kitu kimeachia ndani, maziwa yakaja mpaka yakamupalia. Nililia, wamama. Musifikiri ni furaha. Furaha ilikuja nyuma. Pale nililia hasira.

Kivimbe kiliisha, homa ikashuka, mutoto akarudisha mashavu yake. Ndipo wakaja. Alikuja shangazi pamoja na kaka mukubwa wa bwana wangu, wanataka mutoto wa ukoo. Mama mudogo akawapa viti na maji ya kunywa. Mimi nikaita majirani kwanza, wakajaa ua. Kisha nikakaa mbele ya shangazi, magoti yetu karibu yagusane, nikafungua kikwembe, nikamupa mutoto titi la kushoto. Sikuharakisha. Nilimuacha anyonye mpaka akasinzia, maziwa yanateremuka kwenye shavu.

"Shangazi," nikamuambia, "titi hili halikutaja jina la mutu. Liangalie vizuri."

Akaangalia chini, akasema labda nilitaja kwa siri. Ndipo shemeji yangu, aliyekuja kuninyang'anya mutoto, akamuambia anyamaze. Neno lile nililinywa kama maji baridi. Niseme nilimuhurumia shangazi? Sikumuhurumia.

Bwana wangu naye alishuka kutoka Salamabila kuniomba nirudi. Nikamuambia nitarudi siku shangazi atakaposimama katika kiwanja kilekile, mbele ya wakubwa walewale, aseme kwamba nilisingiziwa. Walizunguka sana na maneno, mimi sikutoka kwa mama mudogo. Mwishowe waliniita Wamaza, shangazi akasimama. Alisema kwa sauti ndogo, nami nikamuomba arudie, kwa sababu wale wa nyuma hawakusikia. Akarudia, nami nikarudi kwa bwana wangu.

Na bado haijanitosha. Siku hizi nikisikia Wamaza kuna mama titi limemufunga, nafika kabla ya shangazi. Namukalisha, namuonyesha, na kama iko homa namusindikiza kwenye sentre ya afya. Watu wanasema niko na moyo muzuri. Moyo muzuri gani? Namunyang'anya kazi yake. Hakuna anayemuita tena, na mbuzi halipwi. Nikitoka huko napita mbele ya mulango wake, namusalimia kwa heshima zote na sauti ya juu: jambo shangazi, umeamukaje? Anajua natoka wapi. Muchungaji anasema hicho ni kisasi. Ndiyo, ni kisasi, na watoto wananyonya.

Mama mudogo, asante. Mama enfirmie, asante. Shemeji yangu, kwa neno lile moja, asante. Na ninyi wamama mulionipokea hapa bila kuniuliza kitu, asanteni. Nawaachia hili: titi likifunga, musimutoe mutoto kwalo. Na mama akiugua, mumuulize anaumwa wapi, musimuulize amelala na nani.

Wa mwisho ni mama mukwe. Iko hapa, kwenye benchi la nyuma, ametoka Wamaza na miguu yake inayomuuma. Hawezi kuongea mbele ya watu, amenituma niseme kwa mudomo wangu, na nimekubali. Yule jirani aliyemutaja alihamia muji huu, akafia hapa. Watoto wake walikulia hapa. Pengine wanasali nasi, pengine wamenisikia sasa hivi. Kama muko hapa, baba yenu hakufanya kitu. Alisingiziwa. Mama iko pale nyuma, anawangojea.