Nukta na Mwaka Uliobaki Wazi

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi wakutubi mlioziacha kaunta zenu mkaja: mimi ni mdogo wake marehemu, ninayemfuata. Nimepewa kazi hii kwa sababu wengine wote walisema hawawezi. Mimi pia siwezi, ila nimechoka mno kubishana.

Dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1966, mtoto wa kwanza wa karani wa posta na mshona nguo. Baba, ambaye naye ni marehemu, alimfundisha kusoma kwa bahasha zilizokosa mwenyewe. Jina la Nukta alilipata darasa la tatu, alipomwonyesha mwalimu mkuu kwamba tangazo lake la ubaoni limekosa nukta mwishoni. Alichapwa, kisha nukta ikawekwa.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya posta, kisha sekondari ya wasichana, akahitimu stashahada ya ukutubi mwaka 1988. Mwaka huohuo aliajiriwa katika maktaba ya chuo cha ualimu, na hapo ndipo alipofanya kazi mpaka mwili ulipokataa.

Alianza na makabati ya kadi. Kompyuta zilipokuja, akaanza kazi ya kuzifanya maktaba zipeane metadata, yaani yale maelezo ya kitabu: kaandika nani, lini, kinahusu nini, kinapatikana wapi. Kila maktaba inayaweka ya kwake mtandaoni, na kompyuta za maktaba nyingine zinapita kuyachukua. Wenyewe wanaita kuvuna. Faida yake ni kwamba mwanafunzi aliye mbali anatafuta mara moja tu na kuona vitabu vya maktaba zote. Hasara ni kwamba kosa la mmoja nalo linavunwa.

La Nukta lilikuwa hili. Mwaka 2009 aliona gazetini tangazo la kifo cha mwalimu mstaafu aliyeandika kitabu kuhusu udongo. Kwenye rekodi ya mwandishi kuna mwaka wa kuzaliwa, kistari, halafu nafasi inayosubiri. Akaijaza. Wiki iliyofuata mzee mmoja mwenye fimbo akasimama kaunta.

"Binti," akasema, "mimi ndiye marehemu."

Aliyefariki alikuwa mtu mwingine wa jina hilohilo. Nukta alisahihisha palepale, mzee akiwa amesimama, lakini maktaba nyingine zilikuwa zimeshavuna, na baadhi zilikuwa zinachukua rekodi mpya tu, zilizosahihishwa hazina habari nazo. Mjukuu wa mzee, aliyekuwa masomoni, alikutana na kifo cha babu yake kwenye kompyuta ya chuo akalia mpaka sauti ikamkauka. Dada alishika simu, maktaba moja baada ya nyingine. Namsikia mpaka leo: "Kaka yangu, nakuomba, nifufulie yule mzee." Mmoja akamjibu kwamba watavuna tena mwezi ujao. "Mwezi ujao! Si atakufa kweli akiwasubiri ninyi?"

Baada ya hapo aliweka kanuni, na maktaba zote zikaikubali: mwaka wa kifo haujazwi mpaka familia yenyewe itamke. Mzee huyo yupo hapa leo, safu ya pili. Tunamshukuru kwa kuja.

Tarehe 22 Agosti 1992 alifunga ndoa na mpima ardhi, ambaye walijuana kwa sababu kila mara alirudisha ramani kwenye droo isiyo yake. Shemeji anasema alikuwa anakosea makusudi. Dada alikuwa anasema hakuna mtu anayeweza kukosea makusudi kiasi kile. Walijaliwa binti, ambaye ni muuguzi, na mwana, fundi wa majokofu.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2019. Alikwenda kusafishwa damu kompyuta ikiwa mapajani, akilalamika kwamba mtandao wa hospitali ni mgonjwa kuliko yeye. Tulipokezana kumpeleka: shemeji, binti yake, na mimi. Sitawadanganya kwamba ilikuwa rahisi. Tulichoka, naye alijua tumechoka, akawa anatuomba radhi kila tukifika mlangoni. Huko kuomba radhi ndiko kulikoniuma kuliko ugonjwa wenyewe. Alifariki Jumatatu iliyopita, tarehe 6 Novemba, asubuhi, binti yake akiwa amemshika mkono.

Marehemu naye aliandika kijitabu, mwongozo wa kuelezea vitabu, kwa hiyo ana rekodi yake: jina, 1966, kistari, na nafasi wazi. Jumatano mkutubi mwenzake alikuja nyumbani, akazungukazunguka na maneno, mwishowe akauliza kama familia inatamka.

"Mwanangu hata hajazikwa," Mama akamwambia, "na ninyi mnataka kumfunga? Mwacheni hapohapo alipo."

Maskini, akaondoka hata maji hajanywa. Sikuwa na nguvu ya kumwelewesha Mama, wala sikutaka.

Jana, mpiga chapa akiisubiri karatasi hii, nilikuwa namsuka Mama nywele.

"Hao wenzake," akaniuliza, "sisi tusiposema, hawawezi kuandika?"

"Hawawezi, Mama. Yeye mwenyewe ndiye aliyewakataza."

Nikamaliza upande mmoja, akageuza kichwa. "Na tukisema, watajua wote kwa pamoja?"

"Hapana. Kila maktaba ina siku yake ya kuvuna."

"Basi sema wewe. Mimi mdomo hautafunguka."

Ameacha mama, mume, watoto wawili, mjukuu mmoja, mimi na kaka yetu wa mwisho, pamoja na wakutubi wa maktaba nyingi ambao wengine walimjua kwa sauti ya simu tu.

Basi, wakutubi, familia inatamka: 2023. Jazeni. Ila tunaomba jambo moja kwa niaba ya Mama. Zile maktaba ambazo bado hazijapita kuvuna, ambako dada yetu angali hai, msizipigie simu. Ziacheni zifike kwa siku zake.

Pumzika, dada. Na safari hii usituombe radhi.