Kibwana Aende Dar Kujifunza Lori, Asiende?

Siku hizi, wajukuu zangu, mnasema kijiwe. Sisi tulikuwa na baraza. Letu lilikuwa la udongo na chokaa, limeshikana na ukuta wa nyumba ya baba yangu, kando ya njia iendayo sokoni hapa Bagamoyo. Kila baada ya sala ya Alasiri walikaa watatu, kila mmoja na pahala pake palipokwisha kubonyea kwa kukaliwa. Baba yangu Mbaruku walimwita Gavana, kwa kuwa zamani aliwahi kushika mwavuli wa gavana, nao ulikuwa umefungwa. Bwanausi Ngalawa alikuwa mvuvi wa Mlingotini aliyeiacha bahari, lakini bahari haikumwacha. Na Darwesh Mizani, Mwarabu mwenye duka la mafuta ya taa hapo mkabala, hakusema neno asilipime kwanza kwa viganja viwili. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango napika kahawa, nalipitisha dele kwenye upenyo, mkono narudisha, sikio naliacha. Siku hiyo sikio langu lilikuwa na haki ya kuwa pale. Aliyejadiliwa ni Kibwana, mchumba wangu.

Kibwana alikuwa taniboi wa lori la Bwana Mahfoudh, lile la kupeleka mbata, nazi kavu, Dar es Salaam. Dereva wake alikuwa amezeeka, macho yamefifia hata akiona mbuzi njiani anampa salamu. Bwana Mahfoudh akasema, Kibwana akipata leseni, usukani ni wake. Kibwana akafanya mtihani, akaanguka. Bwana Mahfoudh akasema tena, akianguka mara ya pili naleta dereva wa Dar. Na baba yangu, kila alipoulizwa habari ya nikaha, alijibu, "Tungoje leseni." Basi leseni ile ilikuwa ya watu wawili.

Sasa kulikuwa na mwalimu mmoja huko Dar, Kariakoo, anafundisha wiki moja tu, alfajiri mpaka magharibi, mtu anaingia taniboi anatoka dereva. Kibwana akaja kutaka shauri, akakaa chini kwenye mkeka.

Kibwana: Wazee wangu, Mzungu wa mtihani aliyeniangusha yuaja tena mwezi ukiandama. Niende kwa yule mwalimu wiki hiyo moja, ama nibaki nijifunze kwa mzee dereva?

Gavana: Uende. Haba na haba hujaza kibaba.

Mizani: Gavana, methali yako inakupiga mwenyewe. Haba na haba ni kidogo kidogo. Yeye ataka kumiminiwa yote wiki moja!

Gavana: Kwani kibaba kikubwa? Wiki moja kinajaa na kumwagika.

Ngalawa: Mimi nasema asiende. Chombo cha kuzama hakina usukani.

Kibwana: Maana yake nini, mzee?

Ngalawa: Maana yake usukani si kitu. Mimi chombo nilikijua kwa kulala ndani yake. Lala ndani ya lori, likipoa litakusimulia.

Kibwana: Nimelala humo miaka, mzee wangu. Juu ya mbata.

Ngalawa: Juu! Hapo ndipo ulipokosea. Ulitakiwa ulale chini ya mbata.

Gavana: Angekufa, Bwanausi.

Ngalawa: Angekufa anajua gari.

Wakacheka mpaka Mizani akapaliwa na kahawa. Alipopona akapima viganja.

Mizani: Sikizeni. Elimu ya haraka ni kama halua iliyoepuliwa mapema. Utaibeba njiani, inanata, ukifika nyumbani huna halua, una mkono mchafu. Halafu kuna jambo la kona.

Gavana: Kona gani?

Mizani: Dar ina kona nyingi. Kijana akikata kona wiki nzima, zitamwingia mwilini. Atarudi hapa, njia imenyooka, mwili wataka kona. Ataikata pasipokuwapo. Moja kwa moja mpaka dukani kwangu, mafuta ya taa yote chini!

Ngalawa: Kumbe mwenzetu walilia duka.

Mizani: Namlilia kijana. Duka limo njiani tu.

Gavana: Aende! Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mama yake lori halijui, na ulimwengu uko Dar.

Ngalawa: Haya, nitasema nililokuwa nalificha. Lori lile lilishuka melini, hapo hapo Dar. Kwao ni kule. Mnamkumbuka punda wa jirani yangu? Alikwenda Kerege mara moja, akaonja majani ya kule, hajarudi. Lori likijua kwamba dereva wake mpya naye apapenda Dar, mbata zetu tutapeleka kichwani.

Mizani: Basi tulifunge kamba.

Gavana: Nyinyi mnazungumza, kijana hajifunzi. Ashatu! Lete ungo!

Nikapitisha ungo mlangoni. Baba akampa Kibwana, akampandisha barazani katikati yao. Ungo ndio usukani. Mguu wa Ngalawa ukawa breki, ukikanyagwa anasema "taratibu, una mwiba." Mizani alipewa kazi ya honi, akaifanya kwa moyo wote, hata kuku wakakimbia. Na pale mwisho wa baraza palikuwa na mgeni aliyekaa kungoja basi la kwao Kerege, jina lake Ausi, mtu wa maneno machache. Akasogeza miguu yake ili lori lipite.

Gavana: Tia gia! Tazama mbele! Tunaingia sokoni!

Mara mama yangu, Mwanabaraka, akatokea kisimani na ndoo kichwani. Kibwana kumwona tu, akauweka ungo chini, akashuka barazani, akachutama pembeni ya njia, macho chini, kama impasavyo mkwe.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba, mwanangu. Hujambo?

— Sijambo, mama. Nyumbani hawajambo?

— Hawajambo. Mama yako na mgongo wake?

Wakaenda hivyo mpaka habari zikaisha, mama akaingia ndani. Kibwana akarudi kuuokota ungo.

Gavana: Mmeona? Adabu hiyo haifundishwi Kariakoo.

Mizani: Masha Allah. Hata ukiipima, haipungui.

Hapo yule mgeni akakohoa.

Ausi: Samahani wazee. Mara ya kwanza, huyu kijana aliangushwa na nini?

Gavana: Ah, hasira za Mzungu tu. Walikuwa wanakwenda vizuri, wakafika hapa mbele, mkwewe akawa anavuka. Kijana akasimamisha lori katikati ya njia, akashuka, akamwamkia.

Ngalawa: Mzungu akabaki peke yake ndani, lori languruma. Akadhani limeharibika.

Mizani: Nyuma, mikokoteni imepangana mpaka sokoni.

Gavana: Sasa ulitaka amwamkie mkwe yuko juu garini, kama anamwagia maji? Na sisi je? Alipomaliza kwa mkwe akaja barazani, akatushika mikono mmoja mmoja. Mtoto wa watu!

Ausi: Sikatai, mzee wangu. Amefanya vyema. Nauliza tu. Mtihani wa pili utapita njia gani?

Gavana: Hii hii. Nyingine ipo?

Ausi: Na siku hiyo, nyinyi mtakaa wapi?

Ngalawa akautazama mguu wake uliokuwa breki. Mizani akainua viganja viwili, vikakaa hewani, havina cha kupima. Mimi nyuma ya mlango nikajizuia nisicheke, nisilie. Watu wale hawakuwahi kukaa pengine tangu wanyoe ndevu za kwanza.

Basi la Kerege likapiga honi. Ausi akaaga, akapanda. Baba akainamisha dele juu ya kikombe, likatoa machicha.

— Kibwana, akasema, nenda Dar. Ukajifunze kurudi nyuma, maana hilo hulijui kabisa, nimekuona. Hilo lingine ni kazi yetu.

Akaenda. Wiki ikapita, akarudi amekonda, mikono yote inanuka mafuta ya gari.

Siku ya mtihani, baraza lilikuwa tupu. Nimezaliwa nalo, sijapata kuliona hivyo. Mizani alifunga duka na haikuwa Ijumaa. Ngalawa na baba walijibana nami nyuma ya mlango, kila mmoja anataka upenyo, baba ananisukuma, "Ashatu, hebu nasi tuone." Lori likaja, Kibwana na Mzungu ndani. Na hapo hapo, kama shetani kapanga, mama akatokea kisimani.

Ngalawa akasema, "Yarabi, basi."

Mama akaliona lori. Akatua ndoo, akavuta kanga yake mpaka usoni, akageukia ukuta wa duka la Mizani, akaipa njia yote mgongo. Aliyekupa mgongo humwamkii. Lori likampita nyuma yake, halikutetereka. Likaenda mpaka sokoni, tukalisikia linageuza, linarudi nyuma pole pole, hakuna kikapu kilicholia, hakuna kuku. Kisha injini ikazimwa.

Mama hakugeuka. Jua lilimpiga, nzi wakatua juu yake, akawa pale ukutani kama kigingi. Hata niliposikia viatu vya Kibwana vinakuja mbio peke yake, yeye hakugeuka.

Kibwana akachutama nyuma yake, anahema.

— Shikamoo, mama.

Mama akauuliza ukuta:

— Mtihani umekwisha?

— Umekwisha, mama. Kanipa.

Ndipo akageuka, kanga akaishusha, na machozi hakuyafuta.

— Marahaba, mwanangu. Marahaba.

Nyuma ya mlango baba yangu akanikabidhi dele.

— Pika kahawa, akasema. Na ya watu wengi, maana nikaha ina wageni.