Kola ya Mtu wa Geti

Ndugu zangu wa chama, mama zangu, wazee wetu, asanteni kwa kuniruhusu nisimame kabla hatujaanza kazi ya leo. Kazi yenyewe tunaijua: kumchagua mtu wa kuendesha kinu chetu kipya cha kusaga kule Ludara. Wanaoiomba wamekaa nje kwenye benchi, nimewasalimia nikiingia. Mwenyekiti ameniambia, "Fundi, sema, lakini usituzungushe mpaka Kisangani." Nitajaribu. Ila mkiniona nimeanza kuvuka mipaka, nivuteni shati.

Mimi ni mtu wa njia. Nilizaliwa Midia hapo jirani, nikavushwa mpaka wa nchi nikiwa mgongoni mwa mama kabla sijajua kutembea, na nadhani miguu yangu ilijifunza kusafiri kabla ya kujifunza kusimama. Tuliporudi nilisoma hapa Koboko hadi kidato cha nne, kisha nikaondoka tena. Ushonaji niliupata Bunia. Mpaka leo nikisikia harufu ya kitenge kipya kinachopigwa pasi, naiona Bunia asubuhi, mvua imekatika, cherehani zinaitikiana barazani na fundi wetu mkuu anaimba kwa pua. Kutoka huko nikaenda Juba. Nikapata kibanda changu, wateja wangu, mashine yangu. Nilidhani nimefika.

Vita vilipoanza niliacha mashine nikachukua mkasi. Mkasi unaingia mfukoni. Nilipata lori lililokuwa likirudisha kreti za chupa tupu za soda, tukapanda juu ya chupa, watu na mizigo na mbuzi wa mtu mmoja. Barabara ya Yei mnaijua. Siku moja tulikwama matopeni, siku nyingine tulilala kwenye kizuizi, siku nyingine dereva alikataa kwenda mbele mpaka asikie habari za mbele. Tulipokaribia Kaya, mpaka wenyewe tunaunusa, lori likalala ubavu. Sikuvunjika mfupa. Lakini chupa ilinifungua shavu, kutoka hapa sikioni mpaka hapa mdomoni. Aliyenishona alikuwa na haraka, majeruhi tulikuwa wengi. Namshukuru, aliizuia damu. Lakini kama fundi nawaambia, ule mshono ulivuta.

Basi nikashuka Arua na uso huu mnaouona, na urefu huu, na mkasi mfukoni. Nikaanza kupita kwenye maduka ya ushonaji.

Duka la kwanza, sijafungua mdomo, mwenye duka akasema, "Mlinzi tunaye, asante." Nikamwambia mimi ni fundi. Akacheka kwa upole, akaniuliza fundi wa nini, wa matofali? La pili, yule bwana alinisikiliza vizuri kabisa, halafu akasema, "Ndugu, wateja wangu ni mabibi arusi. Ukimpima bibi arusi na sura hiyo, atakimbia na utepe wangu." La tatu, mwenye duka akaniuliza kama mimi ni Mkongo. Nikasema Mkakwa wa Koboko. "Ah," akasema, "sisi kitenge tunampa Mkongo. Mkono wake umezaliwa nacho." Nikamwambia nilijifunza hukohuko Bunia. Akasema, "Kujifunza ni kitu kingine."

Ndugu zangu, hakuna hata mmoja aliyenitukana. Mtu akikutukana unaweza kumjibu. Hawa walinionea huruma, wakanipa maji ya kunywa, wakanionyesha njia ya kutokea.

Mwishowe nikafika kwa mama mmoja mwenye duka kubwa, mafundi wake wamejaa baraza. Yule mama ni mtu mwema, nasema mbele ya Mungu. Kabla sijamaliza salamu uso wake ukafurahi. "Wewe ndiye niliyekuwa nakuombea!" Nikashangaa. "Geti langu halina mtu. Na wewe Mungu amekuumbia geti." Nilikuwa na njaa. Nikachukua filimbi na buti.

Nikawa Afande. Sijawahi kushika bunduki, lakini mjini kote nikawa Afande. Watu walikuwa wakiongea Kilugbara wao kwa wao, wakifika kwangu wanageuza: "Afande, fungua!" Kiswahili cha kambi ya jeshi, kifupi, kama wanaamuru. Mzee mmoja akaniuliza, "Afande, wewe ulipigana wapi?" Nikamjibu, "Nilipigana na vitenge, mzee, vikanishinda." Akacheka, akaenda kumwambia mwenzake kwamba askari huyu anaficha siri nzito.

Sasa nawaambia nilivyoanguka. Sikuanguka siku moja. Mtu akiitwa jina kila siku, mwisho analiitikia. Nikaanza kusimama kifua mbele. Nikaacha kusalimia. Kanisani nikaacha kwenda, kwa sababu hata huko walinipa kazi ya kulinda pikipiki wakati wa ibada. Mkasi niliuacha chini ya godoro ukashika kutu. Siku moja mtoto mdogo aliniona akalia, akajificha kwenye gauni la mama yake, na mimi nikafurahi. Nikasema moyoni, leo nimefanya kazi vizuri. Jioni ile nilikaa kitandani nikaogopa. Nilikuwa nimeanza kuwa yule waliyemwona.

Katika duka lile kulikuwa na utaratibu ambao mama alijivunia sana. Mtu akitaka mashine, haulizwi cheti, haulizwi kabila. Anapewa kipande cha kitambaa, anakwenda kushona kola nyumbani, anairudisha. Kola ndiyo inayoonyesha fundi: ncha zake, mgeuko wake, inavyolala shingoni. Mpiga pasi anazinyoosha zote, anaziweka kikapuni, mama anachagua. Alikuwa akisema, "Mimi sipendelei mutu. Naangalia kola." Na ni kweli, aliangalia kola.

Lakini kile kipande cha kitambaa, ndugu zangu, alikuwa anampa nani? Mimi nilikuwa getini, nikaona. Kijana safi mwenye viatu vizuri, anapewa. Mkongo, anapewa kabla hajakaa. Mama mjane kutoka kambi ya wakimbizi ya Omugo, mwenye vumbi la njiani, anaambiwa arudi wiki ijayo. Mlemavu wa mguu, anaulizwa atakanyagaje, na hakuna aliyemwuliza kama anatumia mashine ya mkono. Mama hakujua anafanya hivyo. Ungemwambia angelia. Alikuwa na geti jingine machoni mwake, na hilo halikuwa na mlinzi.

Fundi mmoja alirudi kwao Ariwara, mashine yake ikabaki. Nikajipa moyo, nikamwendea. "Mama, na mimi nipe kitambaa nijaribu."

Alicheka mpaka akanishika mkono. "Afande wangu! Mashine iko na sindano, siyo na risasi. Ukiniacha geti, nani atanilinda?"

Nikarudi getini. Lakini mpiga pasi alisikia. Huyu alikuwa Mkongo wa makamo, mfupi, mwenye maneno, pasi yake ya mkaa haipoi na mdomo wake haupoi. Mchana akanijia getini.

"Afande, mutu mwenye hajui nguo, anaangalia nguo. Wewe unaangalia mishono. Minakuona kila siku, unapitisha kidole kwa mishono ya watu kama kipofu. Ulishona wapi?"

"Bunia."

"Barabara gani?"

Nikamwambia. Akapiga kofi, akaniuliza kama yule fundi aliyekuwa akiimba kwa pua bado yuko hai. Ndugu zangu, nilikuwa nimekaa pale miezi na miezi, na huyo ndiye mtu wa kwanza kuniuliza nilikotoka kwa kutaka kujua.

Akanipa kipande kutoka kwenye mabaki ya kitambaa kilekile. Jumapili nikaenda kwake, mke wake ana cherehani ya mkono. Kola ya kwanza niliiharibu, mikono imekuwa migumu. Uzi ulikatika, sindano ikakwama. Mke wake akaniangalia, akasema, "Shemeji, hiyo siyo geti, haisukumwi." Tukacheka wote, na nilipocheka mabega yakashuka, na mabega yaliposhuka mikono ikakumbuka. Kola ya pili ililala. Nikaigeuza, nikaipitishia kidole, machozi yakanitoka. Mke wa mpiga pasi akajifanya anatafuta chumvi.

Jumatatu ikaingia kikapuni na nyingine, zimenyooshwa sawasawa, hazina jina. Nilisimama getini nikiwa nimegeuza shingo kama kuku. Mama akaziweka mezani, akazishika moja moja. Hii imevimba. Hii ncha zake hazilingani. Akafika kwenye moja, akaipitishia kidole. Akaiweka shingoni kwake.

"Hii," akasema. "Hii inalala. Mwiteni mwenyewe leo hii. Ni yule Mkongo wa juzi?"

Mpiga pasi akasema, "Hapana, Mama. Ni ya mutu wa geti."

Baraza lote likageuka kuniangalia. Mama naye aliniangalia mimi, akaiangalia kola. Akaivua shingoni polepole. Akaigeuza nyuma, akaisogeza kwenye mwanga. Kisha akasema, na sauti yake ilikuwa ya kweli kabisa, "Kumbe hapa imevuta kidogo."

Hapo ndugu zangu naomba msimame nami kidogo. Hakuwa anadanganya. Aliuona ule mvuto. Kola ileile aliyoivaa kwa furaha, alipojua mwenyewe ni nani, macho yake yakamtengenezea kasoro.

Mpiga pasi aliweka pasi chini. Kwa mara ya kwanza hakufanya mzaha. "Mama, kola haikubadilika. Ni macho ndiyo ilibadilika."

Nilidhani tutafukuzwa wote wawili. Mama alikaa. Akaivaa tena ile kola, akaivua, akaivaa. Mwisho akaniita, na akaanza, "Afan..." akakomea hapo. Alijaribu kutafuta jina langu, na hakuwa nalo. Hakuwahi kuliuliza. Uso wake ukaanguka, na mimi nilimhurumia kuliko nilivyojihurumia. Nikamtajia. Akalirudia kwa sauti ndogo, mara mbili, kama mtu anayejifunza wimbo.

"Kesho usivae buti," akaniambia.

Sitawadanganya kwamba kesho yake yote yalinyooka. Alinipa mashine ya ndani, nyuma ya pazia, ili wateja wasishtuke. Wakawa wanasifu, "Huyu Mkongo wako mpya ana mkono!" Mama ananyamaza. Nilivumilia, kwa sababu mashine ilikuwa inalia chini ya mikono yangu, na pazia si geti. Mpaka siku mama mzaa bibi arusi mmoja akasema haondoki bila kumshukuru fundi aliyeshona gauni lake la gomesi. Nikasimamisha cherehani. Halafu pete za pazia zikalia.

"Fundi wangu ndiye huyu," mama akasema. "Mwana wa Midia. Jifunzeni uso wake."

Yule mama mgeni alishtuka, ndiyo. Kisha akanipa mkono. Akaniambia, "Sasa nipunguzie hapa kiunoni, arusi imenikondesha." Nikachukua utepe. Hakukimbia.

Nawashukuru watu hawa. Mpiga pasi na mke wake, walionipa kitambaa nilichonyimwa. Na yule mama pia, kwa sababu kuna watu wanaoonyeshwa macho yao wakakasirika mpaka kaburini; yeye aliyafungua. Baada ya hapo kila aliyeomba alipewa kitambaa, na mjane wa Omugo aliporudi, alikuta mashine. Nanyi nawashukuru, mlionikopesha mashine yangu niliporudi Koboko bila kuniuliza kovu hili ni la wapi.

Ila sijawaambia habari za siku niliyoondoka Arua kabisa. Miguu ilikuwa imeniambia turudi nyumbani, na safari hii niliikubalia. Asubuhi nimefunga mzigo, mkasi nimeunoa, mafundi wameniaga. Getini alikuwa mlinzi mpya, mrefu, mweusi, amesimama kifua mbele. Mama ananisindikiza. Mlinzi akafungua geti, akapiga saluti.

Nilikuwa nimeshatoka. Nikarudi.

"Ndugu," nikamwuliza, "kabla ya geti ulikuwa unafanya kazi gani?"

Akamwangalia mama kwanza, kama mtu anayeogopa mtego. Kifua kikashuka.

"Mimi niko mutu wa mkate," akasema. "Kule Yei nilikuwa na tanuri yangu."

Mama alisimama palepale na mkono kwenye geti. Niliwaacha wakiwa wanaongea, na mpaka nakata kona bado walikuwa wanaongea.

Basi ndugu zangu, wale walioko kwenye benchi hawajaniambia wanachokijua, na mimi nilipopita nilishaanza kuchagua kwa macho. Nimejikamata. Tuwaite, na kabla ya kuwaangalia, tuwaulize.