Wenceslas Bolamba, Mpimaji wa Dawa wa Mangobo (1929–1968)

Ndugu, jamaa na majirani mliokuja kutusindikiza, tunayemzika leo ni kaka yangu, Wenceslas Bolamba. Alizaliwa Yanonge tarehe 14 Mei 1929, mtoto wa pili wa marehemu Papa Arthur, mvuvi, na Mama Émilie. Tangu utotoni alipenda kuhakikisha mambo. Siku moja aliambiwa pilipili ya kwetu ni kali kuliko ya majirani. Akaenda kuonja ya kila nyumba, akalia mchana kutwa.

Alisoma misheni ya Isangi, kisha akapata cheti cha uuguzi hapa mjini, wakati huo Stanleyville, mwaka 1950. Aliajiriwa katika duka la dawa la Mgiriki mmoja, akajifunza kuchanganya dawa. Mgiriki huyo aliondoka Julai 1960, baada ya uhuru, akamwachia funguo.

Tarehe 8 Agosti 1953 alimwoa Aziza, binti wa marehemu Mzee Hemedi, fundi cherehani wa Tshopo, na Mama Mwanahamisi. Mkristo wa mtoni na binti wa Kiislamu! Wazee wa pande zote walikuna vichwa, lakini pilau ililiwa ikaisha. Tangu siku hiyo kaka aliishika ada ya ukwe: hakuketi mahali pamoja na mama mkwe wake, wala hakumuuliza habari za mwili wake.

Mwanzoni mwa 1964 Mama Mwanahamisi alianguka akavunjika nyonga, ikaunga vibaya. Agosti waasi waliuchukua mji, boti na ndege zikasimama, na dawa za maumivu zikaisha. Bangi ndiyo haikukosekana. Sheria iliikataza, na kaka alijua, lakini katika rafu za Mgiriki aliwahi kuona chupa za zamani za bangi iliyolowekwa kwenye pombe, dawa ya maumivu. Akailoweka kwenye lotoko, ile pombe kali tunayoijua. Mwalimu wa msikiti akasema dawa ni dawa.

Kila jioni Aziza alimpelekea mama yake matone, akarudi na jibu lile lile: "Mama anasema iko muzuri." Kaka akafurahi, akiamini chupa zake zote zina nguvu sawa. Hata asubuhi moja Aziza alipokwenda bila kutarajiwa, akamkuta mama yake anauma kanga kwa maumivu. Ndipo ukweli ulipotoka. Chupa moja ilimlaza mpaka sala zikampita. Nyingine ilikuwa kama maji matupu. Mama alikuwa akificha, maana utamlalamikiaje mkwe wako? Kaka aliona aibu, na aliogopa zaidi, kwa kuwa chupa iliyozidi ukali ingeweza kumdhuru mama wa watu.

Akanunua mbuzi. "Mbuzi hana ukwe," aliniambia, "yeye hatanificha kitu." Chupa iliyomfaa Mama aliitenga iwe kipimo. Kila alipotengeneza mpya, siku moja alimpa mbuzi matone ya kipimo kwenye maganda ya ndizi, siku nyingine matone ya mpya, akatazama miguu yake ikilegea. Ikilegea upesi kuliko kwa kipimo, aliizimua ile mpya. Ikichelewa, aliongeza majani. Majirani wa hapa Mangobo walisema dawa zimempanda kichwani. Walicheka sana siku mbuzi alipoegemea ukuta wa msikiti akagoma kuondoka. Lakini Mama Mwanahamisi alianza kulala na kuamka kwa wakati wake, na kabla ya mwaka kwisha akatembea kwa fimbo.

Mwaka jana ini la kaka liliugua. Kila aliyemuuliza hali alijibiwa ni nzuri, hata daktari, hata Aziza. Tulikasirika, tukalia. Jumatano iliyopita Mama Mwanahamisi alikuja na fimbo yake, akaingia chumbani, akaketi kitandani kwa mkwe wake. Sote tulishika midomo. Akamwambia, "Bokilo, mkwe wangu, mimi nilikudanganya, nikaumia bure. Wewe usinidanganye."

Kaka akamtazama. "Mama, inaniuma sana."

Mama akampimia matone mwenyewe. Kaka alilala bila kukunja uso, na alfajiri ya Ijumaa, tarehe 8 Machi 1968, akatutoka, mkono wake ukiwa mkononi mwa mama mkwe wake.

Ameacha mjane, Aziza. Watoto watatu, Claudine, Lukumani na Kadidja. Mimi mdogo wake, Dominique. Na Mama Mwanahamisi, ambaye leo ameomba aketi pamoja na wafiwa, karibu na jeneza. Mungu ampokee kaka yetu na ampumzishe kwa amani.