Kona ya Pipa Jekundu

Kijiwe cha Yasini kiko Kahama, nyuma ya stendi, mkabala na gereji ya Abel: benchi moja la mbao, birika moja la kahawa na vinywa visivyojua kufunga. Wenyewe hujiita kamati ya ufundi, ingawa sijasikia hata mmoja wao aliyeshika spana zaidi ya kumpokeza mwenzake. Ijumaa hiyo saa nne asubuhi Mwalimu Donatus aliegesha Subaru yake ya bluu kwenye kivuli cha ukuta, hatua tano kutoka kwenye benchi, akamwacha mama yake, Bibi Mageni, kiti cha nyuma na kikombe cha kahawa mkononi. Nyonga ya bibi ilifanyiwa upasuaji mwezi wa tatu, na walikuwa wametoka kliniki ya mazoezi ya viungo. Kesho yake gari hilohilo lilitakiwa kukimbia mashindano kwenye uwanja wa zege wa kiwanda cha zamani cha pamba. Mara mbili lilikwishazunguka kama pia kwenye kona ya pipa jekundu, lile linalowekwa kuonyesha pa kugeukia, wanafunzi wa kidato cha pili wakiwa wamekaa safu juu ya ukuta wanaliita jina la mwalimu wao. Aliwaapia kwamba hakuna mara ya tatu.

— Leo siondoki hapa bila jibu, — alisema Donatus akikaa. — Abel ananipa nafasi saa tano. Akishalishusha gari langu analipandisha la mchungaji, basi tena.

Kwenye buti kulikuwa na springi nne fupi, ngumu, alizozifuata Mwanza mwenyewe. Akizifunga, gari litashuka na kushika zege. Asipozifunga, zitabaki za zamani, ambazo nyuma alizibana mipira migumu katikati ya mizunguko yake ili gari liinuke, kama afanyavyo kila mwenye gari dogo huku kwenye barabara za vumbi. Mipira ile aliiweka kwa ajili ya mama, asigongwegongwe. Gari alikuwa nalo moja tu: la shule kila siku, la kliniki Jumanne na Ijumaa, na la pipa jekundu.

— Funga ngumu, — alisema Mwigulu. Yeye huitwa VX, kwa kuwa aliwahi kumwendesha bosi wa mgodi kwenye gari aina ya VX wiki mbili, miaka kumi iliyopita, na mpaka leo hajashuka kwenye gari lile. — Gari laini ni godoro. Nani ameshinda mbio akiwa juu ya godoro?

— Na mama?

— Mama mpe mto.

Donatus alitazama gari. Mama yake alikuwa anapuliza kahawa, wala hakugeuka. Gari likitembea huwa anashika mpini wa juu ya dirisha kwa mikono miwili, amefumba midomo, na Donatus akimwona kwenye kioo cha ndani roho humuuma. Daktari alimwambia nyonga itapona taratibu. Aliamini, lakini miezi ilikuwa inakwenda na mikono haishuki.

— VX amezoea kuendesha kiyoyozi, — alisema Marselino, ambaye wote humwita Injinia. Uinjinia wake aliupata kwa kulisha mawe karasha huko machimbo ya Nyang'hwale. — Sikiliza, Mwalimu. Karasha inasaga mawe, inatikisika kutwa nzima. Umewahi kuiona imehama?

— Imefungwa kwa nati.

— Imekalia mpira. Tunakata mkanda wa karasha vipande vinne, tunauweka juu ya kila shokapu. Gari linatikisika, mama hatikisiki.

— Na kwenye kona?

— Kwenye kona unaomba Mungu. Mimi nimezungumzia mama.

Yasini aliwaongezea kahawa. Alisema kwao Tabora kulikuwa na mtu aliyefunga springi ngumu kushoto na laini kulia.

— Kwa nini?

— Kona zote za uwanja wao zilikuwa upande mmoja.

— Akirudi nyumbani je?

— Alikuwa anarudi kwa reverse.

Hapo kamati ikachangamka. VX akaona kumbe springi si tatizo hata kidogo, tatizo ni uzito. Yapakiwe magunia mawili ya mchele kwenye buti, gari litulie. Injinia akasema mchele unahama, yafaa kifusi kilicholowa. VX akasema kifusi kitaibiwa, watu wa hapa wakiona kifusi wanaona dhahabu. Wakavutana, kisha Injinia akapiga goti lake.

— Mwalimu, uzito unao tayari. Kesho kimbia na bibi humohumo nyuma.

— Umechoka, Injinia, — alisema Donatus. Hakucheka. Alitazama saa, ilikuwa imebaki robo saa. Moyo ulikuwa unamwenda mbio kama aliyekwisha kaa kwenye mstari. Angefanya nini? Afunge ngumu amuumize mama, au aache amwonee mama huruma na kesho watoto wale washuke ukutani kimya kimya kama mara zile? Alikuwa amelipigia hesabu jambo hili ubaoni mpaka chaki ikaisha.

Pembeni ya benchi alikuwa ameketi mwanamke mmoja na viroba vyake viwili, anasubiri basi la Kharumwa. Alikwishamaliza kikombe chake na alikuwa amewavumilia muda mrefu.

— Samahani, Mwalimu, — alisema. — Hilo gari likiteleza, linaanzia mbele au nyuma?

VX aliinamia kikombe. Wote wakamgeukia mwenye gari.

— Mimi, — alisema Donatus polepole, — huwa naliona pipa. Halafu naona nilikotoka. Katikati hapo... sijui.

Aliona aibu ya kweli. Mara mbili amezunguka, ametumia nauli ya Mwanza kufuata springi, na hajawahi kujiuliza swali hilo.

— Nyuma, — ilisema sauti kutoka kwenye gari.

Bibi Mageni alikuwa ametoa kichwa dirishani.

— Linaanzia nyuma. Ukikata kona kwenda sokoni, huko mbele kumetulia, huku nyuma kunaruka, kunakwenda kivyake. Panagonga kama kiti cha mawe. Tangu uliposhindilia ile mipira.

Donatus alisimama, akamwendea.

— Mayu, mipira niliiweka mwezi wa tano. Mbona hukusema?

— Uliniambia umeiweka kwa ajili yangu, ng'wanawane, mwanangu. Ningesemaje?

Donatus alishika ukingo wa dirisha. Alimfungulia mlango, akamshusha taratibu, akamkalisha benchini. Kisha akageuka kuelekea gereji, na sauti aliyoitoa ilikuwa ile ya mstarini shuleni asubuhi.

— Abel, pandisha gari. Toa mipira ya nyuma.

— Na hizi za Mwanza?

— Ziache kwenye buti. Mipira tu.

Kazi haikumaliza nusu saa. Mipira miwili, myeusi, ilikuja kuwekwa kwenye benchi, na kamati ikaikagua kwa kupokezana. Donatus akamrudisha mama kiti cha nyuma ili wajaribu gari. Walizunguka soko, wakakata kona ya mashine za mpunga kwa kasi ambayo kwa kawaida asingethubutu akiwa naye. Safari hii alisikiliza. Nyuma ilifuata mbele. Kwenye matuta karibu na stendi alipunguza mwendo kwa mazoea, akatazama kioo cha ndani.

Mama yake alikuwa anatazama maduka. Mikono yake yote miwili ilikuwa mapajani, imekishika kikombe cha Yasini.