Mama Utepe na Mabeseni Yaliyomwagwa Pamoja

Ndugu waombolezaji, aliyelala mbele yetu ni dada yetu, kitinda mimba wa seremala na mshonaji, aliyezaliwa tarehe 9 Machi 1964 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya baba, akasoma shule zote katika mji huu huu, akahitimu chuo kikuu elimu ya viumbe wa baharini mwaka 1988, na mwaka uliofuata akaajiriwa na taasisi iliyomtuma mara tano kwenye bahari za ncha za dunia, ambako juu ni barafu na chini ni uhai uliojaa kazi ya mikono ya Mungu.

Huko alichagua kuchunguza minyoo utepe, minyoo wa baharini warefu kama utepe, hata tukamwita Mama Utepe, na mashemeji wakamwomba dawa ya matumbo ya watoto, naye akicheka na kuwajibu, "Hawa wangu hawakai tumboni, shemeji, wanawinda!" Maana kila mmoja huficha mwilini mrija mrefu anaoufyatua kukamata mawindo, huyu akipenda minyoo wengine, yule vijidudu jamii ya kamba, na yule mkubwa, anayeweza kumzidi mtu urefu, akila sponji, nyota wa bahari, mizoga, chochote kile.

Tarehe 14 Desemba 1991 alifunga ndoa na fundi wa majokofu, ambaye ndiye aliyekitunza chumba cha baridi ambamo dada alifuga minyoo wake kwenye taasisi, hadi alipotangulia mbele ya haki, wakajaliwa binti mmoja.

Marehemu hakumpa mnyoo jina kabla ya kumwona hai akila, kwa kuwa mnyoo akitiwa kwenye spiriti hujikunja, rangi humtoka, na wote hufanana, hivyo kila mmoja alikuwa na beseni lake, na mwaka jana akampata mdogo, mweupe, mwenye mshipi mwekundu nyuma ya kichwa, asiyejulikana na yeyote, akawa anangoja kuona anakula nini.

Figo zilimlaza hospitalini tarehe 2 Juni, na mkuu wa idara, akitafuta nafasi ya kupokelea wageni, akaamuru mabeseni yote yamwagwe katika tangi moja, akisema, "Minyoo ni minyoo tu, si watakula pamoja?" Wakala kweli! Yule mkubwa aliwamaliza wenzake, na mdogo mwenye mshipi akapotea bila jina.

Kijana mtunza mabeseni alipomweleza huku akilia, dada alimshika mkono, akasema, "Usilie, mwanangu, hukuamua wewe. Ila mwambie mkuu amemfungia fisi na vifaranga." Tarehe 21 Juni akaaga dunia.

Mkuu, umeketi mstari wa mbele na shada lako, wala hatukufukuzi, kwa kuwa marehemu alikusamehe kabla hujaomba, nasi tunajikaza kumfuata, lakini msamaha haujatufunga midomo: Mungu alimletea mwanadamu viumbe avipe majina, hakumtuma avimwage. Jana uliahidi kukiita chumba kile kwa jina lake, na leo tunakataa, mbele ya jeneza lake. Rudisha kwanza mabeseni, kila mnyoo na lake, chumba kiwe hai, ndipo uje kutuomba jina.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliokesha naye, majirani waliotupikia, na wafanyakazi wenzake, hasa wewe, mtunza mabeseni, uliyethubutu kumwambia ukweli.

Pumzika, dada, kwa amani ya Yule amjuaye kwa jina hata mnyoo aliyeliwa kabla hujampa jina.