Ufunguo Ulikuwa Kwangu

Sogeeni wanangu, zimeni hiyo redio, na wewe muuguzi wangu acha kunishika mkono ukihesabu mapigo, kwa maana ninayotaka kuyasema hayapimwi kwa saa. Msinikate kauli, pumzi iliyobaki ni chache. Nawe kifungua mimba, usinitazame kama fundi aliyeletewa kitambaa kifupi. Najua umekwisha kusikia fununu huko kazini kwa Tajiri, na lisemwalo lipo.

Mnanijua kama mama aliyewalea peke yake kwa cherehani, mzee wa kwaya, mtu wa sala. Hamjui nilikuwa nani mwaka ule kiwanda cha nguo kilipoungua. Nilikuwa msimamizi wa ukumbi wa kushonea, wasichana arobaini chini yangu, na Tajiri, mwenye kiwanda, alikuwa ameniamuru nifunge mlango wa nyuma kila asubuhi wakishaingia, wasije wakapitisha vipande vya kitambaa. Ufunguo niliuvaa shingoni, ndani ya gauni. Siku ile, saa nne asubuhi, moto ulianzia kwenye meza ya pasi, ukadaka marobota, na kufumba na kufumbua moshi ulikuwa umejaa hadi darini. Mimi nilikuwa karibu na mlango wa mbele. Nilikimbia, wanangu. Nilikimbia ufunguo ukinigonga kifuani, nikiwasikia wakiupiga mlango wa nyuma kwa viti na mikasi, na sikurudi. Tisa hawakutoka.

Jioni Tajiri aliniita garini kwake. "Mama, lazima mtu aubebe mzigo huu," alisema. "Ama mlinzi, ama wewe. Na wewe una watoto watatu." Mlinzi naye alikuwa na mtoto, lakini mkuki kwa nguruwe mtamu. Mahakamani niliinua Biblia kwa mkono huu huu, nikasema ufunguo nilimkabidhi mlinzi, naye akauacha mlango umefungwa na kwenda zake. Hakunitukana. Alinitazama tu, akasema, "Dada, mbona hivyo?" Alifungwa, na mwaka wa nne alitoka gerezani ndani ya jeneza. Mimi nikapewa nyumba hii mliyokulia, na kila mliponiuliza niliipataje, niliwajibu, "Ni Mungu."

Miaka ishirini na sita nimejisugua. Nilifunga hadi nikaanguka kanisani, nilidarizi vitambaa vya madhabahu mpaka vidole vikapinda, nikaenda kubatizwa mara ya pili mtoni, mkanicheka kwamba mama amezidisha dini, na kweli nilitoka majini nimelowa tu. Mficha maradhi kifo humuumbua. Ugonjwa uliponilaza, akina mama wa kanisa wakampanga mwenzao mmoja aje kuniogesha kila Jumanne. Mmemwona, yule mwembamba asiye na maneno mengi. Jumanne ya tano, akiwa ananisugua mgongo, alisema polepole kwamba marehemu mumewe alikuwa mlinzi wa kiwanda cha nguo.

Nikamwambia yote, nikiwa uchi juu ya kigoda, sabuni mgongoni, bila kupamba hata neno.

Akakamua kitambaa. "Nilikuwa najua," alisema. "Alinieleza mwenyewe kabla hajafa. Siku ya kwanza nilikuja nikutazame unavyokwisha. Ya pili nilileta maji ya moto kupita kiasi, makusudi, mkono ukakataa kuyamwaga. Nimekusamehe kwa machozi, dada, si kwa kupenda. Lakini dhambi si yangu kuiondoa. Mwambie Yesu, halafu ukamwambie na hakimu."

Basi niliomba pale pale kwenye kigoda, bila kwaya wala vitambaa. Nilisema, Bwana, mimi ndiye, ufunguo ulikuwa kwangu, sina cha kukupa. Sikuona mwanga wala sikusikia tarumbeta. Ila wale waliokuwa wakiupiga mlango ndani ya kichwa changu miaka yote hiyo walinyamaza, nikalia kama mtoto aliyeokotwa. Yule mjane akaendelea kunimwagia maji.

Ijumaa mchungaji alimleta hakimu hapa kitandani, nikaeleza, nikatia dole gumba. Na tangu Ijumaa hiyo mmeona wenyewe. Lile gari lenye vioo vyeusi halibanduki mbele ya duka la mkabala. Simu inaita, ukipokea mtu anapumua tu. Kifungua mimba umeambiwa usirudi kazini. Jana mbwa wetu mmemkuta getini amekufa, mkasema ni uzee. Wanangu, mbwa yule hakuwa mzee. Tajiri hajabadilika, na mimi sitakuwapo kumjibu. Hilo ndilo ninalowaachia, na naogopa kwa ajili yenu kuliko ninavyoogopa kaburi.

Sasa shikeni haya. Nyumba hii ni ya binti wa mlinzi. Hati iko kwa mchungaji; hameni kabla ya Jumapili, msing'oe hata bawaba. Sirudishi nyumba ili nisafishwe, nimekwisha safishwa bure kwa damu isiyo yangu, ndiyo maana mkono wangu hauwezi tena kuishika. Mtu wa Tajiri akija na maneno matamu, msikae naye, hata kama ni kwa maji ya kunywa. Mkiitwa kutoa ushahidi, semeni mlichosikia hapa, msiongeze, msipunguze. Msilipize. Na siku ya kunizika mtu asisome wasifu wangu. Someni majina ya wale wasichana tisa na la mlinzi, nimeyaandika kwenye karatasi iliyo chini ya mto. Mkimaliza, nifukieni.

Nipeni maji... hapo, yatosha.

Kitinda mimba, wewe uliyenisikia mlangoni nikimweleza hakimu, na ambaye tangu Ijumaa huniiti mama, sogea. Sikulazimishi unisamehe, hata yule mjane hakuweza kwa siku moja. Weka tu mkono hapa. Mungu aliyekubali kuniosha mimi, mwenye roho kumi shingoni, awalinde mkitoka humu... awape ulimi usionunuliwa... mlale usingizi ambao mimi sikuupata... awatangulie njiani, awe... mkono wako una joto, mwanangu... usiutoe... bado kidogo...